Zipu ya Mgongoni

Mtoto wangu alikuwa na miezi minne usiku nilipomnyonyesha chooni, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gauni langu la sherehe limeteremshwa mpaka kiunoni. Ukumbini muziki ulikuwa umepamba moto, mshereheshaji anaita ukoo wa bibi harusi upite mbele na zawadi. Mimi ni ukoo wa bibi harusi. Nilikuwa nimevaa sare kama wenzangu wote: kitenge cha bluu bahari chenye maua ya rangi ya dhahabu, kimeshonwa vizuri kweli, kimebana kiunoni, kimefunguka chini kama tarumbeta. Na zipu yake ilikuwa mgongoni.

Ndani ya gauni lile kumnyonyesha mtoto kulikuwa na njia moja tu, kulivua. Wifi yangu alinisindikiza, akanishushia zipu, akaishika mikono ya gauni isiburuzike kwenye maji yaliyotapakaa sakafuni, kisha akauegemea mlango asiingie mtu. Choo kilikuwa hicho hicho kimoja kwa wanawake wote, na nje foleni ilishaanza kunung'unika. Mtoto alikuwa ameshalia mpaka sauti imemkauka. Alishika ziwa, akavuta mara mbili tatu, akaliachia, akalia upya, maana mlango unagongwa, harufu ni kali, na mama mwenye wasiwasi maziwa hayashuki upesi. Mgongo wangu wote ulikuwa wazi. Kifua changu chote kilikuwa wazi. Gauni nililoshonewa ili nionekane mwanamke mwenye heshima zake ndilo lililoniweka nusu uchi chooni.

"Vumilia wifi," aliniambia. "Ndiyo sare."

Maneno hayo mawili yamenikaa kooni mpaka leo. Ndiyo sare. Nani aliikata? Nani aliichagua? Walipoichagua, kwenye kikao cha kamati, chai mezani na picha za mishono zinapitishwa simu kwa simu, walijua kabisa kwamba kwenye ukoo ule tulikuwa wanne tunaonyonyesha. Walikuja kututazama uzazi. Walituletea supu na sabuni. Halafu wakaenda kwa fundi wakatushonea nguo isiyotambua kwamba tuna watoto.

Nasema bila kumung'unya maneno: titi la mama halina kosa, na mtoto anayelia njaa hana kosa. Kosa liko kwenye mkasi. Liko kwa wanaokata nguo za wanawake, kwa wanaoziagiza, kwa wanaopanga sare za harusi na sare za kazi, kisha wanamgeukia mama aliyefungua kifua mbele za watu na kumwambia ajistiri. Ajistiri na nini, ikiwa nguo mliyomvisha haina mlango?

Tangu usiku ule ninazitazama nguo zetu kwa jicho jingine. Nimepita Kariakoo na Mtaa wa Uhuru, nimesimama mbele ya maduka, nimeyazunguka masanamu yaliyovalishwa magauni. Mgongoni, zipu. Mgongoni, vifungo. Mgongoni, kamba za kufunga zilizopishanishwa kama za viatu. Nimeshika blauzi ya ofisini yenye vifungo sita vizuri mbele. Nikajaribu kimoja, hakifunguki. Vyote vilikuwa vimeshonewa juu ya kitambaa kizima, havina hata tundu. Kifungo kisicho na tundu kinamfaa nani? Aliyevaa hakimfai hata kidogo. Kinamfaa anayemtazama. Na hapo ndipo ilipo ghadhabu yangu: kifua cha mwanamke kwenye nguo hizi kimeshonwa kama kitu cha kutazamwa, kimebanwa, kimeinuliwa, kimepambwa kwa shanga na marinda, lakini ile kazi ambayo kifua hicho kinaifanya mchana na usiku haikukumbukwa na mtu yeyote mwenye futikamba mkononi.

Tuihesabu kazi yenyewe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Miezi 6 ya kwanza apewe maziwa ya mama peke yake, hata maji ya kunywa hapana; hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na hivyo ndivyo muuguzi wa kliniki anavyotukaririsha kila tunapopeleka kadi. Baada ya hapo aendelee kunyonya huku akila, mpaka miaka 2 na zaidi. Waislamu wanaijua miaka hiyo miwili kutoka Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Miaka 2! Ndani ya miaka 2 kuna misiba mingapi? Kuna harusi ngapi, foleni ngapi za benki, safari ngapi za daladala kutoka Mbagala hadi Posta jua likiwa utosini? Mama hawezi kufungiwa ndani miaka miwili. Atatoka, na mtoto atatoka naye, na mtoto atalia njaa palepale mlipo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba hapa Tanzania, katika watoto wa chini ya miezi 6, waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 64. Sababu za waliobaki kupewa maji, uji na maziwa mengine ni nyingi, na sitaibebesha zipu mzigo wote. Lakini waulizeni akina mama. Waulizeni kwa nini kwenye mkoba wa sherehe wanatia chupa ya maji ya moto na uji mwepesi kwa mtoto wa miezi mitatu. Niliwahi kumwuliza mmoja aliyekaa nami meza moja. Alinigeukia akanionyesha mgongo wake, zipu imepanda mpaka kwenye uti wa shingo, akasema, "Dada, hili nalitoaje hapa?"

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kukutana na shida hii. Alinyonyesha watoto saba, na mavazi yake yalikuwa khanga. Upande mmoja alijifunga, wa pili ulikaa begani. Mtoto akilia alikaa popote alipo: barazani, kwenye mkeka msibani, ndani ya basi la Tanga. Aliteremsha kidogo ule wa kifuani, mtoto akaingia, upande wa begani ukashuka juu yao, basi. Hakuna aliyegeuza shingo. Mazungumzo yaliendelea pale pale yalipokuwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani khanga ya begani ni kwa ajili ya hilo tu. Sikujua kama ni mapambo.

Itazameni vizuri khanga, maana ndani yake kuna elimu. Ni pamba tupu, kiasi cha mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, ina pindo, ina mji, ina jina. Inabeba mtoto mgongoni, inamtandikia, inamfuta mate, inamkinga jua. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Mombasa na Unguja walinunua leso za mraba zilizouzwa kwa jora, wakazikata, wakaziunga upande kwa upande mpaka wakapata kitambaa kipana cha kuwatosha, na wafanyabiashara ndipo nao wakaanza kukichapisha kizima. Wanawake wale walikata wakaunga kwa kufuata miili yao na maisha yao. Walianza wao, soko likawafuata. Sisi wajukuu tunavaa kile ambacho soko limetuletea, kisha tunaomba radhi kwa kuwa na watoto.

Lakini sitaki mtu aitumie khanga kunifunga mdomo. Najua jibu lipo tayari: "Si una khanga kwenye mkoba? Jifunike." Nimejifunika. Nimejifunika Januari, Dar es Salaam, kwenye daladala iliyosimama Magomeni, joto linakaba. Mtoto chini ya khanga alilowa jasho kama katoka kuogeshwa. Akifika miezi mitano anaivuta khanga kwa mikono yote miwili, anataka kuona dunia, na kila anapoivuta ndipo macho yote ya ndani ya gari yanapogeuka. Na yule wa wiki mbili tatu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kushika ziwa, hafai kabisa kunyonyeshwa gizani. Mama anatakiwa aone: mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, pua iwe huru, achukue na sehemu ya weusi, asing'ang'anie ncha peke yake, maana akinyonya ncha tu chuchu inapasuka, na maumivu yake anayajua aliyeyapata. Mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine umeshika ziwa. Wa tatu wa kushikilia khanga isidondoke, Mungu hakutupa.

Kwa hiyo nguo yenyewe ndiyo ifanye kazi. Nguo iwe na mlango wake, mdogo, mahali panapostahili, titi litoke na mtoto alizibe palepale, wakati tumbo, mgongo na kifua vimebaki ndani. Mama akivaa hivyo hana haja ya kujificha na hana haja ya kujianika. Anakula pilau lake, anaongea na shoga yake, na aliye meza ya pili anadhani mtoto amelala.

Naye fundi anaweza. Ninajua kwa sababu nilimpelekea gauni lile la bluu.

Fundi wangu ana cherehani ya kukanyaga kwenye baraza la nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu mzima, mwenye maneno machache. Nilimwambia, "Fundi, nataka hili lifunguke mbele, ninyonyeshe."

Alilishika, akaligeuza. "Dada, utaliharibu. Huu ni mshono wa harusi."

"Limeshaniharibia harusi yenyewe."

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Nilimshusha nikamwambia fundi anionyeshe, hapo hapo, kwa gauni lile, ningempaje mtoto yule ziwa. Alinyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaniuliza swali ambalo katika maisha yangu yote ya kushonewa nguo sikuwahi kuulizwa: "Ukinyonyesha, unakaaje?"

Alinipima nikiwa nimekaa, mtoto mkononi. Mafundi hutupima tumesimama wima kama nguzo za umeme, mikono pembeni, tumbo ndani, halafu nguo hiyo twende nayo kwenye maisha ambayo nusu yake tumekaa na nusu tumeinama. Gauni lilikuwa na mikato miwili mirefu, ule mkato unaoanzia begani, unapita juu ya ziwa na kushuka hadi kiunoni. Akachora chaki kwenye mikato hiyo, urefu wa shubiri moja, kutoka usawa wa kwapa kushuka chini ya ziwa. Akafumua kwa wembe, uzi baada ya uzi, akanipangia zipu zile nyembamba ambazo zikifungwa huzioni, zinafanana na mshono. Na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi: alizishona kichwa kikiwa chini. Ukivuta kwenda juu, zipu inafunguka kuanzia chini. Maana yake titi linatokea chini ya kitambaa, na sehemu ya juu ya kifua inabaki imefunikwa na gauni lenyewe. Ndani akatia upapi wa pamba laini kila upande, akisema meno ya zipu yakigusa shavu la mtoto yatamchuna.

Siku mbili. Bei yake pamoja na zipu ilikuwa chini ya niliyomlipa dada wa saluni siku ya harusi. Na gauni limebaki lilelile. Ukisimama mbele yangu hulioni tofauti.

Basi niambieni ugumu uko wapi. Kama fundi wa barazani ameweza kwa wembe na chaki kwenye gauni lililokwisha kushonwa, nani anashindwa kabla kitambaa hakijakatwa? Na zipu ni njia moja tu. Kuna blauzi ya kupishana mbele, upande juu ya upande, inayofungwa ubavuni kwa kamba; kitenge kinaipokea vizuri mno. Kuna blauzi ya tabaka mbili, ya juu fupi inayoning'inia kama rinda, ya chini yenye nafasi mbili zilizofichwa. Kuna shati la kawaida kabisa lenye vifungo vya kweli vyenye matundu ya kweli. Kitenge na batiki zina fadhila nyingine ambayo mama yeyote anaijua: mtoto wa mwenzio akilia tu chumba cha pili, maziwa yako yanatiririka, na kwenye maua yale doa halionekani. Kwenye polista nyepesi ya rangi moja unatembea na duara mbili kifuani jioni nzima, tena kitambaa chenyewe hakipitishi hewa. Na sidiria ya waya, dada zangu, iacheni kabatini mpaka mtakapoachisha. Inabana ziwa lililojaa, maziwa yakakwama, likavimba, likauma, ukapata homa.

Wanawake wa Lamu, Mombasa na Unguja wana baibui, na baibui pana ni sitara nzuri kwa mama anayenyonyesha, hilo sitalikana. Lakini fungua baibui uone kilichomo ndani: gauni la Kituruki lililobana, zipu mgongoni. Nje amestirika, ndani amefungwa. Nimewaona kwenye karamu ya wanawake, mahali ambapo hata mwanamume hakuwepo, mama anahangaika chini ya baibui kama mtu anayejinasua kwenye wavu.

Halafu kuna dera. Ah, dera! Pana, jepesi, shingo imelegea, linapitisha upepo, mtoto anaingia popote. Dera limewanyonyesha watoto wa pwani hii kuliko nguo nyingine yoyote ninayoijua. Nalo tumelifanyaje? Tumelipa jina la nguo ya nyumbani. Ukilivaa ofisini unarudishwa getini. Ukilivaa kanisani unatazamwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Mama anayelivaa kila siku, kwa sababu ndiyo nguo pekee aliyonayo inayofunguka, anasemwa kuwa amejiachia tangu azae. Watu walewale wanaomsema ndio waliomshonea za kutokea zisizofunguka. Wamemwachia njia mbili: apendeze mtoto alie, au mtoto ashibe yeye aonekane ovyo. Nakataa. Nataka vyote viwili, na sioni haya kuvitaka. Mwanamke aliyetoka kujifungua mwili wake umebadilika mbele ya macho yake mwenyewe. Usiku halali, nywele zinamdondoka, anajitazama kwenye kioo anamtafuta yule aliyekuwepo. Gauni zuri linalomkaa vizuri si anasa kwake. Linamrudisha kati ya watu.

Na sasa nigeukie sare za kazini, maana huko ndiko dhuluma ilikoandikiwa memo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ya maziwa pekee ni wiki 26. Kwa hiyo sheria yenyewe inajua kwamba mama anarudi kazini mtoto akiwa bado hajaonja kitu kingine, ndiyo maana kifungu hichohicho kinamwamuru mwajiri amruhusu kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Saa mbili kwa siku, zimeandikwa. Rafiki yangu anakaa mapokezi kwenye kampuni moja hapa mjini. Sare yao ni gauni la kijivu, bitana ndani, zipu mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Dada wa kazi anamletea mtoto saa sita mchana. Ili anyonyeshe, amtafute mwenzake amshushie zipu, aingie stoo ya karatasi, avue mpaka kiunoni, anyonyeshe, avae, amtafute tena mwenzake amfunge. Siku moja mwenzake hakuwepo, akabaki amejaa. Alipokaa tena mezani maziwa yalikuwa yamelowesha kifua chote cha lile gauni la kijivu, na mkubwa wake akamwambia ajiangalie, anapokea wageni. Ajiangalie! Sheria ilimpa saa, kampuni ikazipokonya kwa zipu.

Nyie mnaoagiza sare mamia kwa wakati mmoja, mnaokaa na mshonaji na kuchagua rangi ya kola ifanane na nembo: jedwali la vipimo mnalo, la umri mnalo, mnajua wangapi mmewaandikia likizo ya uzazi mwaka huu. Andikeni mstari mmoja kwenye oda. Gauni la wanawake lifunguke mbele. Mshonaji hatawatoza zipu ya ziada, ni ileile inayohama upande.

Majirani zetu Kenya walishafika barabarani kwa jambo hili. Mei 2018, akina mama waliandamana Nairobi wakiwa na watoto wao, baada ya mwenzao kueleza jinsi alivyosumbuliwa mgahawani kwa kunyonyesha. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti 2019, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, Zuleikha Hassan, aliingia bungeni na mtoto wake wa miezi mitano kwa kukosa pa kumwacha, akaamriwa atoke naye. Tarehe 7 Agosti, siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Na Kenya ina Sheria ya Afya ya 2017 inayowataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea. Ninaipenda sheria hiyo na ningependa tuwe nayo. Lakini chumba kikipatikana, mama ataingia humo na nguo gani? Mimi nilikuwa na chumba, kilikuwa na mlango na kitasa, na bado nilikaa juu ya ndoo nimevuliwa.

Wapo wanaosema, kamua utie kwenye chupa. Hao hawajawahi kukamua. Ziwa linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukilinyima mtoto mara kwa mara bila kulikamua, linapunguza. Maziwa uliyokamua, kwa joto letu, yanataka barafu au yanyweke ndani ya saa chache. Chupa inataka kuchemshwa. Kubeba jiko mpaka ukumbini ili kuilinda zipu ni akili gani?

Wapo pia wanaosema macho hayana pazia. Ndiyo, hayana pazia, lakini yana kope, na shingo inageuka. Sitara ni haki ya mama kabla ya kuwa deni lake kwa watu. Anayetaka kujifunika, ashonewe kinachomfunika vizuri. Anayetaka kuwa wazi, mtoto wake ale, na wewe utazame kwingine. Kwenye daladala niliwahi kuona wanawake wawili wakisimama mbele ya mama anayenyonyesha wasiyemjua, wakamzibia kwa migongo yao mpaka mtoto aliposhiba, Buguruni hadi Gongo la Mboto, hawakuulizana majina. Watu wanajua kumsaidia mama. Ni nguo zetu tu ndizo bado hazijui.

Mwezi ujao tuna harusi nyingine kwenye ukoo. Juzi picha ya mshono imetumwa kwenye kundi la simu: kitenge cha zambarau, shingo ya boti, kimebana, na kwa yule dada wa kwenye picha, aliyegeuka nusu ili tuone nyuma, zipu inashuka mgongo mzima. Watu arobaini wameshaweka alama ya dole. Nimeandika chini yake kwamba safari hii tunaonyonyesha ni watatu, nikawataja kwa majina ya watoto wao, nikatuma na picha ya gauni langu la bluu, zipu zikiwa zimefungwa, kisha zikiwa zimefunguliwa. Shangazi mmoja amejibu kwamba itaharibu mshono. Mama wa bibi harusi amesoma, alama zimegeuka bluu, hajajibu.

Kitambaa kinakatwa Jumamosi saa nne asubuhi. Nimemwomba fundi wangu twende wote, abebe chaki yake.